Nani Anapewa Jina: Mwasia Katika Filamu Tulizokua Nazo Kabuku

Zohran Mamdani alipochaguliwa kuwa Meya wa New York, Novemba 2025, Afrika Mashariki ilishangilia kwamba mzaliwa wa Kampala amekabidhiwa mji mkubwa kuliko yote nchini Marekani. Furaha hiyo ilikuwa halali. Mimi hata hivyo niliendelea kuiwaza habari nyingine iliyotangulia, ya Julai mwaka huohuo, gazeti la The New York Times lilipoandika kwamba mwaka 2009, akiwa kijana anayeomba nafasi Chuo Kikuu cha Columbia, alitia alama mbili kwenye fomu: moja penye neno Mwasia, nyingine penye maneno mtu mweusi au Mwafrika wa Marekani. Wapinzani wake wakaishikia bango. Yeye akajibu kwamba fomu za aina ile hazina mahali pa mtu kama yeye, Mhindi wa Uganda. Nimeufuatilia mjadala ule kwa makini, na ninaona kosa kubwa lilikuwa la fomu. Chuo chenye wasomi wa kila fani kilishindwa kumfikiria mtu ambaye kwetu ni jirani wa siku zote. Fomu ile ilijengwa juu ya imani kwamba ukishajua rangi ya mtu umeshamaliza habari zake. Imani hiyohiyo ndiyo iliyojenga sehemu kubwa ya filamu ambazo dunia imezitazama kwa miaka karibu mia moja, na sisi wa Kabuku tumekuwa miongoni mwa watazamaji.

Mama yake Zohran ni Mira Nair, aliyeongoza Mississippi Masala, filamu iliyotoka mwaka 1991, mwaka uleule aliozaliwa mwanawe. Nitaifikia baadaye, maana mtu wa Kabuku hakuanzia huko. Kabuku ni mji mdogo wa Handeni, kando ya barabara kuu itokayo Chalinze. Ukiendelea kaskazini unapita Michungwani, unafika Segera, na Korogwe iko mbele yako mkono wa kushoto. Mkonge ndio uliokusanya watu huku. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliletwa Tanga kutoka nyanda za kusini, Kigoma, na hata Burundi na Rwanda. Wengi hawakurudi, wakaoana na Wazigua na Wasambaa, na watoto wao wakawa wa hapahapa. Katika miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili, burudani ya jioni kwa watoto hao na wajukuu zao ilikuwa kibanda cha video: kuta za magunia ya katani yaliyofumuliwa na kushonwa upya, mabenchi ya mbao, televisheni ndani ya kasha lenye mlango na kufuli, deki chini yake, na nje ubao ulioandikwa kwa chaki picha za siku hiyo. Ubao ule ulijua aina tatu tu: picha la Kihindi, picha la Kichina na picha la Kizungu. Kwa hiyo kabla hatujajua chochote kuhusu siasa za rangi za Marekani, tulikuwa tumekwisha kuketi mbele ya Waasia wa namna mbili na Wazungu wa namna moja, na tukawa tunajifunza kitu kutoka kwa kila mmoja wao.

Picha la Kihindi lilikuwa na historia ndefu pwani kuliko umri wa kibanda chochote. Majumba ya sinema yalikuwepo Zanzibar, Tanga na Dar es Salaam tangu enzi za ukoloni, mengi yakimilikiwa na wafanyabiashara wenye asili ya India. Royal ya Unguja ilifunguliwa mwaka 1921. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, iliwafanya watu wa pwani wapange foleni, na baada yake zikaja Mother India ya 1957 na Sholay ya 1975. Zilipofika kwenye kanda na kuingia Kabuku, filamu za aina hiyo zilifanya kazi ambayo sidhani watengenezaji wake waliikusudia. Mhindi aliyejulikana na mtu wa kawaida wa Handeni na Korogwe alikuwa mwenye duka, mwenye gari la mizigo, au karani na fundi wa shambani katika simulizi za wazee. Alionekana upande mmoja wa kaunta. Kwenye kanda, Mhindi alikuwa maskini anayelala barabarani, hakimu, jambazi, mjane anayelima kwa mikono yake, mtoto aliyepotea sokoni, polisi mla rushwa na polisi asiyehongeka. Kwa saa tatu Mhindi alikuwa watu wote, na mtazamaji aliyetoka pale hakuweza tena kuamini kwa urahisi kwamba kabila hilo zima lina tabia moja. Hapo ndipo ninapoanzia hoja yangu. Haki katika filamu haipimwi kwa kuhesabu sura za Waasia zinazopita kwenye kioo. Inapimwa kwa kuangalia wigo wa ubinadamu walioruhusiwa kuuonyesha.

Picha la Kichina lilitufunza jambo jingine. Bruce Lee alizaliwa San Francisco mwaka 1940, akakulia Hong Kong, akarudi Marekani, na huko televisheni ikampa nafasi ya Kato, dereva na msaidizi wa Mzungu aliyeficha uso kwa barakoa katika The Green Hornet ya 1966. Mwaka 1972 ilipoanza tamthilia ya Kung Fu, kuhusu mtawa wa Kishaolini anayetangatanga Marekani, nafasi hiyo iliyoonekana kama ilimsubiri yeye alipewa David Carradine, Mzungu. Lee alikuwa amekwisha kurudi Hong Kong, na ni huko alikopata kuwa stelingi: The Big Boss mwaka 1971, Fist of Fury mwaka 1972. Hollywood ilipomfungulia mlango kwa Enter the Dragon, alifariki Julai 1973 kabla filamu haijatoka Marekani. Watoto wa Kabuku hawakuijua habari hiyo, lakini walielewa haraka aliyoyasimamia. Katika The Big Boss yeye ni kibarua wa kiwanda cha barafu ambaye wenzake wanapotea mmoja baada ya mwingine kwa sababu ya siri ya tajiri. Mjukuu wa manamba hahitaji kuelezwa maana ya hadithi hiyo. Mtu asiyefanana naye kwa rangi wala kwa nywele, anayesema lugha asiyoijua, alikuwa upande wake, na kibanda kizima kilisimama pale kibarua alipokataa kuonewa. Hakuna mtaalamu wa Hollywood aliyetabiri kwamba mtu mweusi wa Handeni atamchukua Mchina kuwa shujaa wake bila kuombwa. Biashara nzima ya filamu ya Marekani kwa miongo mingi ilijengwa juu ya madai kwamba jambo hilo haliwezekani.

Halafu kulikuwa na picha la Kizungu, na hapa ndipo kumbukumbu inapouma. Kibanda kilekile kilichosimama kwa ajili ya Bruce Lee kilisimama pia kwa ajili ya Sylvester Stallone katika Rambo ya pili, ya 1985, na kwa ajili ya Chuck Norris katika Missing in Action ya 1984. Filamu hizo mbili zinawarudisha Wamarekani Vietnam, miaka takriban kumi baada ya vita kuisha mwaka 1975, wakakomboe wenzao na kushinda msituni vita ambavyo nchi yao ilishindwa. Wavietnamu wanaanguka kutoka kwenye minara, wanaungua kwenye vibanda vya makuti, wanarushwa na mabomu, na hakuna kati yao anayeachiwa hata dakika moja ya kuwa baba wa mtu. Mvietnamu pekee tunayemjua kwa karibu katika Rambo ile ni Co, msichana anayemsaidia Rambo porini. Anamwomba aende naye Marekani, wanabusiana, na muda mfupi baadaye anapigwa risasi. Kifo chake kina kazi moja katika hadithi: kumpa Mzungu hasira ya kumalizia filamu. Tanzania ilikuwa na uhusiano wa kibalozi na Vietnam tangu mwaka 1965, na viongozi wetu walikuwa wamejenga siasa nzima ya nje juu ya kuunga mkono wanyonge waliopigania nchi zao. Watoto wa nchi hiyohiyo, wajukuu wa watu walioletwa kukata mkonge wa wageni, walikuwa wakipiga makofi kila mkulima wa Asia alipoanguka. Kuna ushahidi gani mkubwa kuliko huo wa nguvu ya kioo?

Linganisha sasa filamu mbili zenye mtu mmoja. Mwaka 1972, katika The Way of the Dragon, Chuck Norris anapigana na Bruce Lee ndani ya magofu ya Colosseum, Rome. Filamu hiyo iliongozwa na Lee mwenyewe. Norris anashindwa na kufa, na Lee anapiga goti, anamfunika kwa vazi lake la mapambano na kuweka mkanda wake mweusi juu yake. Adui Mzungu anapewa heshima ya maiti. Miaka kumi na miwili baadaye Norris huyohuyo yuko Vietnam, safari hii kwa kamera ya Marekani, na maiti za Waasia anazoziacha nyuma hazifunikwi na mtu. Ninaiona tofauti ya picha hizo mbili kuwa muhtasari wa itikadi yote ya rangi katika sinema. Itikadi hiyo haihitaji matusi. Inatosha kuamua kifo cha nani kina uzito na kifo cha nani ni mandhari.

Wapo watakaosema kwamba ninalipa jambo dogo uzito mkubwa, kwamba filamu ni burudani na mtu mwenye akili anajua kutenganisha mchezo na maisha. Ningeikubali hoja hiyo kama mchezo wenyewe ungechezwa kwa bahati nasibu, leo huyu afe bila jina, kesho yule. Historia haionyeshi hivyo. Anna May Wong alizaliwa Los Angeles mwaka 1905 na alikuwa nyota wa kweli wakati studio ya MGM ilipoamua kutengeneza The Good Earth, hadithi ya wakulima wa China. Mume katika hadithi alikuwa amepewa Paul Muni, Mzungu, na kanuni za maadili za Hollywood za wakati huo zilizuia mapenzi ya watu wa rangi tofauti kwenye kioo. Kwa hiyo mwanamke wa Kichina katika filamu ya Wachina hakuweza kuwa Mchina. Nafasi ya mke ilikwenda kwa Luise Rainer, mzaliwa wa Ujerumani, na filamu ilipotoka mwaka 1937 ilimpatia Oscar. Mpelelezi wa Kichina Charlie Chan aliigizwa na Warner Oland, mzaliwa wa Sweden. Mickey Rooney alibandikwa meno ya bandia awe Mjapani wa kuchekwa katika Breakfast at Tiffany's mwaka 1961, na Peter Sellers akapakwa rangi awe Mhindi katika The Party mwaka 1968. Mambo yanayojirudia kwa miaka thelathini, katika studio tofauti, yakiandikwa na watu tofauti, yana utaratibu nyuma yake. Na utaratibu huo ulikuwa na matokeo mawili kwa wakati mmoja: uliwanyima watu kazi, kisha ukaonyesha kutokuwepo kwao kama dalili kwamba hawana uwezo.

Utaratibu huo ulipokuja kuigiza ardhi yetu, ulikuja na daraja zake zote. The Ghost and the Darkness ya mwaka 1996 inasimulia simba wa Tsavo walioua wajenzi wa reli mwaka 1898. Reli ile ya Mombasa hadi Ziwa Victoria ilijengwa na vibarua takriban 32,000 walioletwa kutoka India kati ya 1896 na 1901, na karibu 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi, ajali na wanyama. Ungedhani hadithi ya Tsavo ni yao. Katika filamu, shujaa ni mhandisi Patterson, aliyechezwa na Val Kilmer, na kwa kuwa Mzungu mmoja hakutosha, akatungwa wa pili, mwindaji Remington, ambaye hakuwahi kuwepo, apate kuchezwa na Michael Douglas. Mwafrika ni Samuel, msaidizi na msimulizi, aliyechezwa kwa utulivu mkubwa na John Kani wa Afrika Kusini. Wahindi ni umati unaopiga kelele na kukimbia. Om Puri, mmoja wa waigizaji wakubwa waliopata kutokea India, amepewa nafasi ya Abdullah, kiongozi wa vibarua, na kazi yake kubwa ni kumletea mhandisi matatizo, kisha kuondoka na wenzake kwa treni ili wenye hadithi wabaki peke yao na simba. Filamu yenyewe ilipigwa Afrika Kusini. Mtazamaji wa Kabuku, ambaye reli ya Tanga inapita jirani yake Korogwe na ambaye babu yake huenda alivunjika mgongo kwenye kazi ya mzungu, anatoka pale akijua jina la mwindaji wa kutungwa na hajui jina la kibarua hata mmoja wa kweli.

Nimeangalia sana mpangilio huo wa waigizaji na kila mara unanirudishia muundo wa shamba la mkonge la enzi za ukoloni: meneja Mzungu, karani au fundi Mhindi, mnyapara na wakataji Waafrika. Filamu iliurithi muundo huo ikidhani inaonyesha tu hali ilivyokuwa. Hali ilikuwa hivyo kweli, na hapa ndipo pana pingamizi zito kuliko yote, linalotoka kwa watu wetu wenyewe. Wanasema: Wahindi wa Afrika Mashariki hawakuwa wanyonge. Mkoloni aliwapa daraja la kati, shule zao na hospitali zao, akawaachia biashara. Wengine walimiliki mashamba hayohayo, na familia ya Karimjee Jivanjee ilikuwa miongoni mwa wenye mkonge mkubwa. Waliishi nasi miaka mia bila kutukaribisha ndani. Filamu zao zenyewe zimejaa ubaguzi wa weupe wa ngozi, na Mwafrika akitokea humo mara nyingi ni mlinzi au jambazi. Kwa nini basi tuwalilie?

Kila kipande cha hoja hiyo kina ukweli, na sikubaliani na wanaoupuuza kwa kuogopa kuitwa wabaguzi. Lakini hitimisho lake halifuati. Aliyewagawa watu kwa daraja ni mkoloni, na alihitaji kila daraja liamini kwamba la juu yake na la chini yake ni watu wa namna nyingine kabisa. Tanganyika iliupata mtihani huo mapema. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mpiga kura alilazimishwa kuchagua wagombea watatu, Mwafrika, Mzungu na Mwasia, kila mmoja katika kisanduku chake cha rangi. TANU, katika mkutano wa Tabora wa Januari 1958, iliukubali mchezo huo mbaya kwa makusudi ya kuushinda, ikaunga mkono Wazungu na Waasia waliokuwa upande wa uhuru, miongoni mwao Amir Jamal na Sophia Mustafa, na ikashinda. Oktoba 1961 Nyerere alisimama bungeni, katika ukumbi uliobeba jina la Karimjee, akawapinga wabunge wa chama chake mwenyewe waliotaka uraia utolewe kwa rangi, akawa tayari kujiuzulu kwa jambo hilo. Hakusema kwamba dhuluma ya Waasia wenye mali haikuwepo. Miaka sita baadaye serikali yake ilitaifisha mashamba, na mwaka 1971 majumba. Alikuwa anatenganisha tabaka na rangi. Filamu nyingi za dunia, na fomu ya Columbia, zimeshindwa kufanya utenganisho huo ambao bunge la nchi changa lililazimika kuufanya kabla haijapandisha bendera yake.

Hii ndiyo sababu Mississippi Masala ni filamu ya pekee, na ndiyo sababu ninasikitika kwamba kwenye vibanda vyetu haikuwahi kuwa na nguvu ya Rambo. Filamu kuhusu Idi Amin, dikteta wa Uganda, tuliyoizoea ilikuwa ile ya 1981, Rise and Fall of Idi Amin, iliyoongozwa na Sharad Patel, ambamo Mkenya Joseph Olita ni dikteta wa kutisha kutoka mwanzo hadi mwisho. Nair alimchukua Olita huyohuyo amcheze Amin tena, lakini kwa dakika chache tu, kwa sababu alitaka kutazama kwingine. Amin alitangaza Agosti 1972 kwamba Waasia wana siku 90 za kuondoka Uganda. Katika filamu, wakili Jay, mzaliwa wa Kampala anayejiona Mganda kwanza, anaambiwa na Okelo, rafiki yake wa utotoni, kwamba Afrika sasa ni ya Waafrika weusi. Okelo anasema hivyo akitaka kumwokoa, na Jay hamsamehi. Miaka baadaye familia iko Mississippi, ndani ya hoteli ndogo za Wahindi za kando ya barabara, na binti, Mina, anampenda Demetrius, kijana mweusi mwenye biashara ya kusafisha mazulia, aliyechezwa na Denzel Washington. Hapo wale waliofukuzwa kwa rangi yao wanageuka kuwa wafukuzaji. Wahindi wale wanaosema hadharani kwamba watu wote wasio weupe ni ndugu wanakuwa wakali mara tu undugu unapotaka kuingia chumbani.

Hakuna filamu ya Hollywood inayozijua dhambi za Wahindi wa Afrika Mashariki kama hii, na iliongozwa na Mhindi. Ndivyo ninavyowajibu wanaouliza kwa nini tuwalilie: sidai Mwasia aonyeshwe akiwa mwema. Nadai aonyeshwe akiwa na sababu, na Jay ana sababu hata pale anapokosea vibaya. Nair amesimulia mara kadhaa jinsi mtu mwenye fedha za kugharamia filamu alivyomtaka aweke Mzungu katikati ya hadithi, naye akamwahidi kwamba wahudumu wote wa hotelini watakuwa Wazungu. Alitoka bila fedha za mtu huyo. Akaitengeneza filamu kwa bajeti ndogo, na sehemu ya kwanza na ya mwisho akaipiga Kampala kwenyewe, kwenye nyumba na barabara zilizohusika. Ndoa yake na Mahmood Mamdani, msomi wa Kihindi wa Uganda aliyefukuzwa mwaka ule wa 1972, ilitokana na safari ya kuifanyia utafiti filamu hiyo. Mtoto aliyekuja kukwama kwenye visanduku vya fomu alizaliwa na watu ambao tayari walikuwa wamekataa visanduku hivyo kwa kazi zao.

Naambiwa pia kwamba mambo yamebadilika. Parasite ya Korea Kusini ilipata Oscar ya filamu bora mwaka 2020 ikiwa katika lugha yake yenyewe, na mwaka 2023 Michelle Yeoh, mzaliwa wa Malaysia, alikuwa Mwasia wa kwanza kutambuliwa kwa utambulisho huo kuchukua Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Nayafurahia yote mawili. Hata hivyo mlango huo umefunguliwa zaidi kwa hadithi zinazoingia vizuri katika kisanduku kimoja. Mtu wa visanduku viwili bado anakatwa ili aenee. Bohemian Rhapsody ya 2018 inamhusu Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe, Unguja, Septemba 1946, kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi, ambaye familia yake iliondoka Zanzibar mwaka wa Mapinduzi, 1964. Filamu inamkuta tayari yuko London, mpakiaji wa mizigo uwanja wa ndege, akiitwa Mpakistani kwa dharau. Hilo la dharau ni sahihi kuonyeshwa. Lakini Unguja iliyomzaa haionekani, na kwa nini kijana huyo yuko London halipewi nafasi ya kutosha, kana kwamba historia yake ilianza aliposhuka kwenye ndege. Rami Malek, mtoto wa wahamiaji kutoka Misri, alimcheza vizuri akapata Oscar. Filamu iliingiza mamia ya mamilioni ya dola. Kwa fedha zote hizo haikupatikana dakika moja ya Forodhani, Unguja.

Sitaki kuishia kuwalaumu watu wa mbali, maana hata sisi sasa tunashika kamera. Tangu enzi za mwigizaji Kanumba tuna soko letu, tuna nyota wetu, tuna vituo vya televisheni vinavyonunua tamthilia kila msimu. Lufufu na watafsiri wenzake wa Dar es Salaam waliotia sauti ya Kiswahili kwenye filamu za nje walituthibitishia kwamba hadhira ya Kiswahili inaweza kuichukua hadithi ya mtu yeyote na kuifanya yake. Na bado Mhindi wa filamu zetu na wa vichekesho vyetu amebaki yuleyule: tajiri bahili, Kiswahili kibovu, simu sikioni, anamfokea dereva. Mchina amekuwa mtu wa kurusha mikono na kutoa milio. Watazamaji wanacheka, na mwandishi anajiona amemaliza kazi. Hili ni kosa lilelile nililoilaumia Hollywood, na halipungui ubaya kwa sababu limefanywa na Mswahili. Tena sisi hatuna udhuru wa kutomjua mtu huyo. Wapo Wahindi wa Tanga na Korogwe ambao Kiswahili chao ni kizuri kuliko cha watu wengi wa Dodoma, ambao baba zao walikuwa mafundi, makarani na walimu wenye mishahara midogo, na ambao walibaki baada ya utaifishaji wa 1967 na 1971 wakati wenzao wenye uwezo wakienda Uingereza na Kanada.

Hadithi ya shamba la mkonge la Handeni au Korogwe, yenye meneja, karani, mnyapara na mkataji, kila mmoja akiwa na jina, nyumba, hofu na hatia yake, haijawahi kuwekwa kwenye filamu kubwa ya Kiswahili. Wazee walioishi daraja la chini la muundo ule wangalipo Kabuku, Mkata na Mombo, na watoto wa makarani wangalipo Tanga mjini. Watu wa pande zote mbili wanapungua kila mwaka. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unatoa mikopo kwa wasanii, na Bodi ya Filamu ina jukumu la kuikuza tasnia. Ninawaomba waandishi wa miswada walioko Tanga waende wakawasikilize wazee hao wa pande zote mbili, warekodi, waandike, na wapeleke maombi yao huko. Wasisubiri mtu wa New York aje kuwaandikia.